Kondoa tunaikariri tu, hatujaiona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo ambalo limenikaa kifuani muda mrefu. Barua ni ndefu najua, kama nafasi ni ndogo punguza hapa mwanzoni ila kule chini ninapoomba naomba uniachie kama kulivyo.

Mi ni mwalimu wa historia, shule ya kata hapa Dodoma mjini upande wa Nkuhungu, mwaka wa 11 huu niko na chaki mkononi. Kila Januari kidato cha kwanza wakiingia mada ya mwanzo kabisa ni vyanzo vya historia, yaani masimulizi ya wazee, maandishi, nyaraka, akiolojia, makumbusho, maeneo ya kihistoria, na kila Januari nasimama ubaoni naandika Olduvai, Isimila, Engaruka, Kondoa-Irangi, watoto wananakili kwenye madaftari, wanakariri, mtihani ukija wanayamwaga majina kama yalivyo, tunawapa maksi tunasonga mbele. Mwaka juzi binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akaniuliza, "Madam, hii Kondoa-Irangi si ndo Kondoa hii ya mabasi ya stendi?" Nikamwambia ndo hiyohiyo. Akasema, "Sasa mbona tunaiandika tu, si twende?" Wenzake wakacheka ila mi lile swali lilinichoma, kwa sababu nimezaliwa Dodoma, nimesomea Dodoma, hiyo Kondoa-Irangi nimeifundisha mwaka baada ya mwaka na Kolo yenyewe nilikuwa sijawahi kufika hata siku moja.

Kolo ni kijiji kilichopo barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha, ukishaipita Kondoa mjini unaendelea kidogo kaskazini, kutoka hapa kwetu ni kilomita kama 180 na siku hizi ni lami. Kwenye vile vilima vya ukingo wa Bonde la Ufa kuna miamba imeinama kama vibaraza, na chini ya hivyo vibaraza kuna michoro, twiga, tembo, pofu, watu wembamba warefu wenye vichwa vya kushangaza, mingi ni myekundu na ile ya baadaye ni myeupe. Sehemu zenye michoro zinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450 ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336, na UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia wa Olduvai, alipiga kambi huko mwaka 1951 akawa anainakili michoro mmoja mmoja, kitabu chake kikatoka 1983. Kwa hiyo mi nikisikia watu wanasema Dodoma hatuna makumbusho ya sanaa huwa nasema tunayo, tena ya zamani sana, haina mlango wala taa, wenyewe tu ndo hatuendi.

Sasa nieleze kwanini naongelea walimu na makumbusho kwa pamoja. Miaka ya nyuma niliwahi kupeleka wanafunzi makumbusho fulani mkoa mwingine, sitaitaja, nia yangu sio kumchafua mtu. Tulisafiri usiku kucha, tukafika, tukapokelewa na kijana mwenye haraka, akatuzungusha kwa dakika 40 kwenye makabati sijui mangapi, "hii ni hivi, ile ni vile, msiguse, songeni songeni kuna kundi lingine linakuja." Watoto waliandika mpaka vidole vikauma. Mimi mwalimu hakuna aliyeniuliza unafundisha mada gani, wanafunzi wako wamefikia wapi, ungependa waone nini. Wiki iliyofuata nikawauliza darasani mmekumbuka nini, wakanitajia mishikaki ya Morogoro. Sikuwalaumu. Nami nilikuwa nimewapeleka bila kujiandaa, nilidhani kazi yangu ni kuwafikisha mlangoni na walio ndani ndo wanajua cha kufanya.

Baada ya hapo nikaanza kusoma usiku kwenye simu, nikitaka kujua wenzetu wanafanyaje, na nilichokikuta kilinibadilisha kabisa.

Kuna makumbusho ya sanaa Marekani inaitwa Crystal Bridges, iko Bentonville, mji mdogo tu jimbo la Arkansas, ilifunguliwa 2011. Walipofungua walitenga fedha kwa ajili ya shule, basi la kuwasafirisha wanalipa wao, chakula cha mchana cha watoto wanalipa wao, mpaka mwalimu wa kushika vipindi vya yule aliyesafiri wanalipa wao. Shule zikaomba nyingi kuliko nafasi, ikabidi wapige kura ya bahati nasibu, wengine waende mwanzo wengine wasubiri. Watafiti wa chuo kikuu cha Arkansas wakaona hapo hapo pana nafasi ya kupima kwa haki, wakalinganisha walioenda na wanaosubiri, wanafunzi 10,912 na walimu 489 kutoka shule 123. Na ziara yenyewe mhariri ilikuwa ya saa moja tu, kwa kawaida waliangalia picha 5. Tano! Wakakaa nazo, wakazungumza.

Wiki kama tatu baadaye watoto wakaulizwa. Kuna picha ya Eastman Johnson ya watu porini wanapika sharubati ya mti wa mepo (maple), wale watu walikuwa wapinga utumwa na ile sharubati ilikuwa njia ya kuikwepa sukari ya miwa iliyolimwa na watumwa, asilimia 88 ya watoto walikuwa bado wanaikumbuka hiyo habari. Kuna nyingine ya Thomas Hart Benton ya mkulima analima juu ya mazao yake mwenyewe ayafukie, enzi za mdororo wa uchumi serikali yao ilikuwa inapunguza mazao ili bei ipande, asilimia 82 wakakumbuka. Hakuna mtihani waliokuwa wanaandaliwa, hakuna aliyewaambia kariri. Na wakapimwa pia namna ya kuitazama picha mpya na kueleza wanachokiona, walioenda wakawa wanaona zaidi na wanafikiri zaidi, na walionufaika sana ni wale wa vijijini na wa familia maskini. Mi niliposoma hapo nikaweka simu chini nikawaza watoto wangu wa Nkuhungu, na wale wa Bahi, na wa Chemba, na wa Mpwapwa, ambao ziara ya shule kwao ni kama ndoto.

Cha pili nilichokikuta ni maswali matatu. Pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, kuna bwana Philip Yenawine alikuwa mkuu wa elimu kuanzia 1983 mpaka 1993, yeye na mtaalamu wa saikolojia Abigail Housen waligundua kuwa wageni wanaelezwa vizuri, wanafurahi, na wakitoka wamesahau. Wakatengeneza njia ambayo mwalimu haelezi kitu mwanzoni, anauliza tu: nini kinaendelea kwenye hii picha? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Na nini kingine tunaweza kukiona? Mwalimu anarudia alichosema mtoto kwa maneno mazuri kidogo, anaonyesha kwa kidole pale panapotajwa, anaunganisha na alichosema mwenzake. Basi. Lile swali la pili ndo lenye kazi kubwa, maana mtoto hawezi kuropoka, lazima arudi kwenye picha atafute ushahidi. Na mwalimu wa historia yeyote anayesoma hapa ameshajua, hiyo ndo historia yenyewe. Chanzo, na unajuaje.

Sasa tuje kwenye safari yetu. Mwaka jana muhula wa pili tukaamua na mwenzangu wa jiografia tunaenda Kolo. Kibali kilitusumbua, michango ikatusumbua zaidi, kila mzazi elfu kumi na tano na watoto 12 hawakuwa na kitu kabisa, walimu tukachangishana, mkuu wa shule akaongeza, mwenye Coaster akatupunguzia kwa sababu mwanae anasoma kwetu. Watoto 26 tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, na wenzao zaidi ya 100 wa kidato hichohicho wakabaki, na hilo mpaka leo linaniuma.

Ila safari hii nilijiandaa. Wiki mbili kabla nilichapisha picha moja ya michoro ya Kolo pale steshenari, karatasi kubwa ya A3, nikaibandika ubaoni na sikusema chochote. Nikauliza tu, nini kinaendelea hapa? Ni ule mchoro maarufu, watu watano, wa katikati kama ameshikwa mikono na walio huku na walio huku. Mmoja akasema wanagombania mtu. Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Akasema huyu wa kati mikono imevutwa. Mwingine akasema hapana hiyo ni harusi, bibi harusi anatolewa nje. Mwingine akasema ni mgonjwa anasaidiwa kusimama, mwingine akasema wale wa upande mmoja vichwa vyao sio kama vya wale wengine, labda wamevaa kitu. Dakika 40 za kipindi ziliisha wakakataa kutoka mapumziko. Nilikuwa na miaka zaidi ya tisa kazini na nilikuwa sijawahi kuona darasa la 50 na ushee linabishana kuhusu chanzo cha historia.

Ndo nikawaambia kipindi kilichofuata: Mary Leakey aliona kama nyie mlioona ugomvi, alisema ni mtu anatekwa. Baadaye wakaja wataalamu wengine wakasema labda ni ngoma ya uponyaji, mambo ya kupandwa na maono, wakalinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe. Hakuna aliyekuwepo, wote wanasoma ukutani kama mnavyosoma nyie.

Hapo kuna kijana, nitamtaja tu kuwa ni wa kutoka Kwa Mtoro, huko kwa Wasandawe, mtulivu sana, darasani haongei. Wenzake walikuwa wanamtania kwa ile lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi, naye akawa ameamua kunyamaza tu. Niliposema simbo akainua kichwa. Akasema, "Madam, bibi yangu anaijua hiyo." Darasa zima likageuka. Wakaanza kumuuliza maswali yeye, mi nikasogea pembeni nikakaa kwenye dawati. Kuanzia siku ile hajataniwa tena, na safarini yeye ndo alikaa siti ya mbele na dereva. Mi nimeshaenda semina nyingi za ujumuishi na saikolojia ya mwanafunzi, sijawahi kuona kitu kinafanya kazi haraka vile, na kilikuwa ni karatasi moja ya A3.

Kolo pale ofisini tulipokelewa na mzee mmoja mwongoza wageni, watoto wakamwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba wajukuu zangu, halafu akaniuliza swali ambalo kule kwingine hawakuniuliza: "Mwalimu, unataka waone nini?" Nikamwambia mzee wangu naomba tuone sehemu moja tu tukae nayo. Akatabasamu akasema basi twende Mongomi. Njia ni ya vumbi na mwishoni unapanda kwa miguu, jua lilikuwa kali, tulipofika chini ya ule mwamba mkubwa palikuwa na ubaridi na watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Akawaambia kaeni chini, angalieni mpaka macho yazoee. Unajua ile michoro mwanzoni huioni, unaona madoa tu ya mwamba, halafu taratibu twiga anajitokeza, mtoto mmoja anaona anamwonyesha mwenzake, mwingine anaona mguu, mwingine anasema hapana ule ni mkia.

Mzee akawaeleza kuwa wenyeji bado wanakuja pale kufanya matambiko, kuomba mvua na uponyaji, ndo maana baadhi ya sehemu zina alama za pombe na mafuta zilizorushwa ukutani. Wataalamu wa uhifadhi wana wasiwasi michoro inaharibika, na wenyeji nao wanasema hapa ni mahali petu pa kuombea kabla hajaja mtalii yeyote. Watoto wangu walibishana hilo jambo ndani ya Coaster kutoka Kolo mpaka tunaingia Dodoma saa mbili usiku. Nani ana haki na ukuta? Mi sikutoa jibu, na mpaka leo nikilitafakari naona pande zote mbili zina hoja.

Mwenzangu wa jiografia naye alipata lake. Ile nyekundu ni ya mawe yenye chuma, hematiti, yanasagwa unga. Wiki ileile akawapeleka makumbusho ya madini ya GST, ile taasisi ya jiolojia na utafiti wa madini, hapahapa mjini wakaone mawe yenyewe, wa kemia akaingia na habari ya kutu na oksaidi, kwanini rangi ya chuma haipauki kama ya majani, wa Kiswahili akawaandikisha insha. Hatukupanga hivyo, ilitokea tu kwa sababu watoto walikuwa wanauliza kila anayeingia darasani. Baadaye ndo nikaja kujua National Gallery ya London wana mpango wa namna hiyohiyo kwa shule za msingi tangu mwaka 1995, unaitwa Take One Picture, wanachagua picha moja tu kila mwaka, walimu wanaitwa wanafundishwa namna ya kuitumia kwenye masomo yote, hesabu, sayansi, lugha, halafu kazi walizofanya watoto zinatundikwa ndani ya makumbusho yenyewe. Hebu fikiria mzazi wa Chang'ombe anaenda kuona kazi ya mwanae imetundikwa kwenye ukuta wa makumbusho.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya nchi zenye pesa, sisi tuna uhaba wa madawati na matundu ya vyoo, unatuletea picha. Namwelewa sana, nafundisha humo humo. Ila ukiangalia kwa makini, kitu cha maana walichofanya hao wenzetu sio jengo, ni kumshika mwalimu. Victor D'Amico aliyeongoza elimu pale MoMA kuanzia 1937 mpaka 1969 alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kitu kingine chochote, na vifaa vyake vya kuwafundisha watoto sanaa vilisafirishwa nje ya New York mpaka Italia, Hispania, na India mwaka 1963. Alielewa kuwa mtoto yuko darasani na wa kumfikia ni mwalimu wake. Makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 2017 walifungua picha zaidi ya 375,000 mtandaoni, yeyote achukue bure atumie bila kuomba ruhusa. Mi nimechapa nne kati ya hizo, kwa bando la mia tano na pesa ya steshenari. Bila mtu wa kuniambia anzia wapi ningezama kwenye hizo laki tatu na ushee nisitoke na kitu.

Halafu kuna hili linaniuma kivyake. Kwenye mkusanyiko wa MoMA kuna mchoro wa Sam Ntiro, Mtanzania, wa Machame Kilimanjaro, mwalimu wa sanaa pale Makerere, ndo huyohuyo aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru. Ni mchoro wa mwaka 1956 wa wanaume wanampelekea bibi harusi mbege usiku. Mtoto wa New York anaweza akakalishwa mbele yake akaulizwa nini kinaendelea hapa. Wangu nilipowaonyesha kwenye simu hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia hilo jina, ila ile mitungi na ule msafara waliusoma ndani ya dakika moja, Wagogo, Wachaga, Warangi, kila mmoja akasema kwetu inakuwa hivi, kwetu inakuwa vile. Na Tingatinga, Edward Said Tingatinga wa Tunduru aliyeanza kuchora 1968 kwenye vipande vya masonite, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, wanamjua kwa fulana za watalii tu. Wangeambiwa alianza na vifaa vya aina gani, nusu ya darasa langu wangeanza kuchora kesho.

Sasa maombi yangu mhariri, na hapa ndo naomba usinikate.

Mtaala mpya umeleta Sanaa na Michezo shule za msingi na Historia ya Tanzania na Maadili, ni jambo jema sana nimefurahi kwa dhati. Lakini mwalimu aliyepangiwa hilo somo la sanaa mara nyingi hajawahi kuingia kwenye nyumba ya sanaa maishani mwake, na sio kosa lake. Tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana shuleni na kwenye vituo vya walimu tunajadili mada ngumu. Naomba maafisa elimu wetu wa mkoa na halmashauri siku moja tu kwa mwaka mafunzo hayo yahamie Kolo. Walimu wa Kondoa, Chemba, Bahi, Dodoma Jiji, tukae chini ya ule mwamba na wale wazee waongoza wageni na watu wa Mambo ya Kale, tujifunze kuuliza maswali matatu, turudi na picha tano kila shule zilizochapwa vizuri zikatundikwa. Hata watoto wote wasipofika, mwalimu aliyefika anawafikishia. Mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya 100 kwa mwaka, na ana miaka 20 au 30 mbele yake kazini.

La usafiri. Dodoma sasa ni makao makuu, kuna wizara, mashirika, mabenki, kila ofisi ina magari. Sisemi tupewe magari. Nasema zile fedha za kurudisha kwa jamii ambazo kila mwaka tunaona watu wanapiga picha na hundi kubwa ya karatasi, sehemu yake iwe ni Coaster na chakula cha mchana cha watoto wanaoenda Kolo, na wapewe kipaumbele wale wasio na elfu kumi na tano. Wale 12 wangu waliochangiwa ndo waliouliza maswali mengi kuliko wote, na sishangai tena nikikumbuka ile habari ya Arkansas.

Na siku mji huu utakapojengewa makumbusho kubwa ya sanaa yenye hadhi ya makao makuu, na naamini itajengwa kwa sababu tumeona Dodoma inavyokua tangu serikali ilipohamia, nawaomba sana wahusika mwalimu aitwe kabla ya mchoraji ramani. Kuwe na chumba cha darasa lenye sakafu inayofutika rangi, kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu za walimu, anayeuliza unafundisha nini na watoto wako wangapi. Ukuta mmoja wa kazi za wanafunzi. Na hao waongozaji wafundishwe kunyamaza kidogo watoto waangalie. Vinyago na michoro tunavyo, na wanaojua tunao, nenda Chamwino uone wanavyochonga zeze na ilimba, ala za muziki za Kigogo, wale wazee mpaka sasa nani amewaita washike darasa hata kwa saa moja?

Kwa walimu wenzangu, tusisubiri. Picha tano ninazo, nne za kutoka kule Metropolitan na ile ya Kolo, nimezibandika kwenye kadibodi na kuzifunika nailoni, zipo kabati la ofisi ya walimu. Shule tatu za jirani zimeshaziazima na zimerudi salama, moja tu imechanika kona. Mwalimu yeyote wa hapa Dodoma akizitaka tunampa wiki mbili, tunachoomba ni aandike nyuma ya karatasi watoto wake walisema nini. Nyuma ya ile ya Kolo sasa hivi pamejaa, kuna darasa la nne waliandika kuwa wale watu watano wanavuka mto.

Mwezi wa saba tunaenda tena Mongomi, safari hii ni baadhi ya wale waliobaki mwaka jana. Kwenye Coaster tumeacha siti mbili kwa ajili ya walimu wa shule nyingine, ikiwezekana wa msingi waliopangiwa Sanaa na Michezo. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Mwalimu wa historia,
Nkuhungu, Dodoma.